Jinsi ya kusafiri na ala ya muziki kwa baiskeli bila kuivunja

Na Mwandishi Wetu

BAISKELI si ngeni kwa mizigo. Katika barabara nyingi za Tanzania magunia ya mkaa, matenga ya kuku, madumu ya maji na mikungu ya ndizi husafirishwa kwa chombo hicho kila siku na kufika salama. Hata jina la boda boda, ambalo leo limehamia kwenye pikipiki, lilizaliwa katika mpaka wa Busia, baina ya Kenya na Uganda, wakati baiskeli zikivusha abiria kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo, upo mzigo mmoja ambao hata mbebaji mzoefu huufikiria mara mbili, nao ni ala ya muziki. Gunia la mkaa likianguka hufungwa upya na safari ikaendelea. Gitaa likianguka shingo yake huvunjika, na kwa mwanamuziki anayeitegemea ala hiyo kulisha familia, hasara hiyo ni sawa na mkulima kuvunjikiwa jembe katikati ya masika.

Pamoja na hatari hiyo, wapo wanamuziki wanaosafiri kwa baiskeli wakiwa na ala zao. Baadhi hufanya hivyo kwa kukosa nauli, wengine kwa kupenda safari za taratibu, na wengine kwa sababu baiskeli huwafikisha vijijini ambako basi haliingii. Makala haya yanaeleza kinachoiharibu ala njiani, namna ya kuifunga, na mambo ambayo mwanamuziki anapaswa kuyapima kabla ya kukanyaga pedeli.

Waliothubutu

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Ben Sollee, mwimbaji na mpiga selo kutoka jimbo la Kentucky nchini Marekani. Selo ni ala ya nyuzi ya ukoo wa fidla, lakini kubwa kiasi kwamba mpigaji huiweka baina ya magoti. Urefu wake ni takriban mita 1.2, na mbao za kifua chake ni nyembamba.

Mwaka 2009 Sollee alisafiri kwa baiskeli kutoka mji wa Lexington hadi kwenye tamasha la Bonnaroo katika jimbo la Tennessee, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, huku selo yake ikiwa imefungwa ubavuni mwa baiskeli iliyorefushwa nyuma. Njiani alisimama na kutumbuiza katika miji midogo. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa nia yake kubwa ilikuwa kupunguza kasi ya maisha ya ziara, ili apate muda wa kukutana na watu wa mahali anapopita.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 2007, bendi ya Ginger Ninjas ya California ilifunga safari ya baiskeli kuelekea Mexico ikiwa imebeba magitaa, ngoma na mitambo ya sauti. Mitambo hiyo ilipata umeme kutokana na watu waliokuwa wakikanyaga pedeli wakati wa onyesho, hivyo baiskeli zile zile zilizobeba mizigo mchana zilizalisha umeme jioni.

Safari hizo mbili zilithibitisha kuwa jambo hilo linawezekana hata kwa ala kubwa. Lakini baiskeli zilizotumika zilikuwa maalumu, zenye sehemu ndefu ya nyuma ambayo huteremsha mzigo hadi karibu na ekseli. Msafiri mwenye baiskeli ya kawaida hana budi kuanza na swali jingine, yaani abebe ala gani.

Chagua ala kabla ya njia

Si kila ala inafaa kwa safari ya namna hii. Kinachopimwa kwanza si uzito bali urefu na umbo. Gitaa la kawaida lina uzito wa takriban kilo mbili tu, lakini urefu wake unakaribia mita moja, na likiwekwa ndani ya sanduku gumu uzito hupanda hadi kilo tano au sita. Kwa baiskeli yenye keria ya kawaida, tatizo la mzigo huo ni kwamba hauna mahali pa kukaa.

Fidla, ambayo wapenzi wa taarabu wanaifahamu vyema, ni rahisi zaidi. Urefu wake ni karibu sentimita 60 na uzito wake hauzidi nusu kilo. Ikiwa ndani ya sanduku lake hulala juu ya keria bila kuning'inia upande wowote. Udi una mgongo wa duara ulioungwa kwa vipande vyembamba vya mbao, hivyo hauvumilii kubanwa na kamba. Mwenye udi atahitaji sanduku gumu linalofuata umbo lake.

Ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne lililotokana na ala ya Wareno waliofika visiwa vya Hawaii mwaka 1879, umekuwa kipenzi cha waendesha baiskeli wa nchi nyingi kwa sababu aina yake ndogo ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 53 tu na huingia ndani ya begi la nguo. Filimbi, kayamba na kinanda cha mdomo havina shida yoyote kubwa.

Yapo pia magitaa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wasafiri, yenye kifua chembamba. Moja kati ya hayo, lililoundwa na kampuni ya Martin, lilipelekwa angani na chombo cha Columbia mwaka 1994. Sauti ya magitaa hayo ni ndogo kuliko ya gitaa kamili, na mnunuzi anapaswa kulijua hilo mapema. Aidha, magitaa yaliyotengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao hayabadiliki kwa unyevu, ingawa bei yake haiko karibu na mfuko wa wengi.

Mahali pa kuifunga

Zipo njia nne zinazotumika kubeba ala kwenye baiskeli, na kila moja ina faida na kasoro zake.

Njia ya kwanza ni mgongoni. Ndiyo inayotumiwa na wengi kwa sababu haigharimu kitu, na mwili wa mwendeshaji hupunguza mitikisiko inayotoka barabarani. Kwa safari ya saa moja inatosha. Kwa safari ya siku nzima kasoro zake hujitokeza: jasho huloanisha begi, mabega huuma, na kichwa cha gitaa kinachochomoza juu humzuia mwendeshaji kugeuza shingo kutazama gari linalomjia nyuma. Iwapo ataanguka chali, ala ndiyo itakayotangulia kugusa lami.

Njia ya pili ni kuisimamisha ala juu ya keria kama mlingoti. Hapa ndipo penye ajali nyingi zisizo za lazima. Kadiri mzigo unavyopanda juu ndivyo kitovu cha uzito cha baiskeli kinavyopanda, na baiskeli huyumba kila mwendeshaji anaponyanyuka kwenye kiti kupanda mlima. Ala iliyosimama hushika pia upepo. Lori linapopita kwa kasi husukuma hewa mbele yake na kuvuta nyingine nyuma yake, na mzigo mrefu hufanya kazi kama tanga. Matawi ya miti yanayoinamia barabara nayo hayasamehe.

Njia ya tatu ni kuilaza ala ubavuni mwa gurudumu la nyuma, ikiwa imeegemezwa kwenye keria kwa urefu wa baiskeli. Uzito hukaa chini na upepo hauna pa kushika. Ni lazima upande wa pili uwekewe mzigo wa uzito unaolingana, kama vile nguo na maji, ili usukani usivutwe upande mmoja. Inabidi pia kuhakikisha kuwa kisigino hakigongi sanduku pedeli inapozunguka, na kwamba taa na kiakisi mwanga cha nyuma havikufunikwa. Ala isiwekwe kukingama barabara, kwani upana huo ndio unaogusana na magari.

Njia ya nne ni tela. Tela la gurudumu moja hufuata njia ile ile ya baiskeli na hupita hata kwenye vijia vyembamba. Tela la magurudumu mawili hubeba zaidi na husimama lenyewe, lakini huhitaji njia pana. Faida kubwa ya tela ni kwamba ala hulala chini kabisa, na mwendeshaji akianguka si lazima tela lianguke naye. Kasoro yake ni kwamba mitikisiko ya tela jepesi lisilo na springi huwa mikali kuliko ile ya baiskeli, hivyo sakafu yake haina budi kutandikwa godoro.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, na spoki za nyuma ndizo hukatika kwanza. Fundi azikaze kabla ya safari, na spoki za akiba zisisahauliwe.

Kamba za mpira zinazokatwa kutoka katika tyubu chakavu, ambazo wabebaji wa mizigo nchini wamezitumia kwa miaka mingi, zinafaa pia kwa kazi hii. Hubana bila kukata, na hunyumbulika baiskeli inaporuka shimo. Lililo muhimu ni zipite juu ya sanduku na kamwe zisipite moja kwa moja juu ya kifua cha ala.

Kwa nini shingo huvunjika

Mafundi wa magitaa wanafahamu kuwa sehemu inayoletwa kutengenezwa mara kwa mara ni pale shingo inapokutana na kichwa. Sababu ni ya kimaumbile. Katika magitaa mengi kichwa kimeinama kuelekea nyuma, na iwapo shingo na kichwa vimechongwa kutoka ubao mmoja, nyuzinyuzi za mti hukatizwa mahali hapo. Ubao huwa imara kwa urefu wa nyuzinyuzi zake, lakini hupasuka kwa urahisi pale zinapokuwa fupi.

Ndani ya sanduku lisilo na mto, gitaa likianguka chali kichwa hugonga sakafu ya sanduku kabla ya mwili. Dawa yake ni rahisi. Kipande cha sponji au kitambaa kilichokunjwa kiwekwe chini ya shingo, ili kichwa kining'inie bila kugusa kitu. Kingine kiwekwe pembeni mwa kichwa, ili kisiende kulia wala kushoto. Mtu akilitikisa sanduku lililofungwa asisikie kitu kikicheza ndani.

Asiyeweza kununua sanduku gumu anaweza kumwendea seremala akamtengenezea la mbao nyembamba, likatandikwa vipande vya godoro kuukuu. Kwa filimbi na nyuta za fidla au zeze, kipande cha bomba la plastiki la maji lenye kifuniko kila upande ni sanduku zuri kuliko mengi yanayouzwa.

Jua, mvua na unyevu

Adui anayefuata haonekani kwa macho. Mbao hunywa maji kutoka hewani na kuyarudisha hewani. Hewa inapokuwa na unyevu hutanuka, na inapokuwa kavu husinyaa. Kutanuka na kusinyaa huko hutokea zaidi kwa upana wa ubao, si kwa urefu wake. Kifua cha gitaa ni ubao mwembamba ulioshikizwa kwa gundi pande zote na kwa mbao nyingine zilizokingama ndani. Kikisinyaa ghafla na hakina pa kwenda, hupasuka.

Watengenezaji wengi wa magitaa huyaunda katika hewa yenye unyevu wa kiasi cha asilimia 45 hadi 50. Mwambao wa Afrika Mashariki una unyevu mkubwa zaidi ya huo kwa muda mrefu wa mwaka, wakati nyanda za kati hukauka sana wakati wa kiangazi. Kwa hiyo msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, mwendo wa takriban kilomita 450, huitoa ala yake katika hewa nzito ya baharini na kuifikisha katika nyanda kavu zilizo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari.

Kwa bahati nzuri, hapa mwendo wa pole wa baiskeli ni msaada. Mwendeshaji mwenye mzigo anayekwenda kilomita 60 hadi 80 kwa siku atatumia takriban wiki moja, na ala itapata muda wa kuizoea hewa mpya kidogo kidogo. Basi hufanya safari hiyo kwa siku moja. Hata hivyo, kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kikawekwa katika mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu na kuhifadhiwa ndani ya sanduku, husaidia katika nyanda kavu. Mwambaoni hufanyika kinyume chake: vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu, ambavyo huja ndani ya maboksi ya viatu, vitunzwe visitupwe. Nyuzi za chuma nazo hupata kutu haraka karibu na bahari, hivyo zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa.

Jua ni hatari kuliko mvua. Gundi nyingi zinazotumika kuunganisha magitaa huanza kulainika joto linapofika nyuzijoto 60 na kuendelea, na sanduku jeusi lililoachwa juani linaweza kukaribia kiwango hicho. Gundi ikilainika, mvuto wa nyuzi hung'oa daraja au kupinda shingo. Sanduku lifunikwe kwa kitambaa cheupe, hata kipande cha shuka, na baiskeli inapoegeshwa iegeshwe kivulini. Kivuli huhama, kwa hiyo mpumzikaji naye asilale fofofo.

Kwa mvua, mfuko wa nailoni usiopenya maji huvishwa juu ya sanduku pale tu mvua inapoanza, na huvuliwa inapokatika. Ala iliyofungiwa ndani ya nailoni juani hutokwa jasho kama chakula cha moto ndani ya kontena, na maji hayo hurudi kwenye mbao.

Nyuzi zilegezwe, zisivuliwe

Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida, zikiwa zimekazwa kwa sauti yake, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Za nailoni huvuta kiasi cha kilo 40. Nguvu hiyo ipo usiku na mchana, na joto au pigo likiongezeka juu yake ndipo ala hushindwa. Kulegeza kila uzi kwa sauti moja au mbili kabla ya safari hupunguza mzigo huo.

Lakini kuzivua nyuzi zote ni kosa, hasa kwa fidla na selo. Ndani ya ala hizo kuna kijiti kidogo kinachosimama baina ya kifua na mgongo bila gundi, kikishikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Nyuzi zikilegea zote, daraja huanguka na kijiti hicho nacho huweza kuanguka. Kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye kifaa maalumu, na fundi huyo hapatikani kila wilaya. Uta wa fidla, kwa upande wake, ulegezwe kabisa.

Ngoma, zeze na ilimba

Ala za asili zina mahitaji yake. Ngoma ya ngozi haivunjiki kwa urahisi, lakini ngozi hulegea katika unyevu na kukaza katika ukavu. Wapigaji wa siku nyingi huiota ngoma kwenye moto kabla ya kuanza mchezo, na aliyeisafirisha katika mvua atahitaji muda wa kufanya hivyo bila haraka. Ngoma ifungwe uso wake ukiwa umefunikwa kwa kitu kigumu, kwani kichwa cha msumari au ncha ya keria hutosha kutoboa ngozi iliyokaza. Nafasi iliyo ndani ya ngoma yenye upande mmoja wazi ni mahali pazuri pa kuweka nguo laini, lakini si vifaa vya kutengenezea baiskeli.

Zeze lenye kibuyu ni la kuogopwa zaidi, kwani kibuyu hakina msamaha. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ikiwa imejazwa nguo kuzunguka kibuyu, hufanya kazi nzuri ya sanduku.

Ilimba ya Wagogo, iliyofikishwa katika majukwaa ya kimataifa na hayati Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003, inaonekana kuwa imara kwa kuwa ni sanduku la mbao lenye vyuma. Lakini sauti ya kila chuma hutegemea urefu wa sehemu inayochomoza, na mitikisiko ya barabara ya changarawe huvisogeza vyuma hivyo kidogo kidogo. Aidha, mvumo wake hutokana na utando mwembamba wa buibui unaobandikwa juu ya tundu la sanduku. Utando huo haustahimili kidole, sembuse kamba. Msafiri ambane vyuma kwa kitambaa, afunike tundu kwa kifuniko kisichogusa utando, na awe na utando wa akiba.

Mikono ya mpigaji

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba ala inaweza kufika salama na mpigaji akawa hawezi kuipiga.

Mwendeshaji anayeegemea usukani kwa saa nyingi hukandamiza mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Matokeo yake ni ganzi katika kidole hicho na jirani yake, na wakati mwingine vidole hukosa nguvu. Kwa mchuuzi wa samaki hilo ni usumbufu. Kwa mpiga gitaa au fidla, ambaye vidole hivyo hukandamiza nyuzi, ni kazi iliyosimama. Kwa kawaida ganzi hupungua kwa mapumziko, lakini ikipuuzwa huweza kuchukua majuma kadhaa kuondoka.

Kinga yake ni kuinua usukani ili uzito mwingi ubaki kwenye kiti, kubadilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, kuvaa glavu zenye sponji, na kutoendesha siku nzima iliyotangulia onyesho. Mwenye ganzi isiyoisha au vidole vilivyodhoofika amwone daktari.

Mwimbaji naye ana lake. Vumbi na upungufu wa maji mwilini hukausha koo. Maji yanywewe kidogo kidogo njiani badala ya kusubiri kiu, na leso ya kufunika pua na mdomo isikosekane kwenye barabara ya vumbi.

Kwa sababu hizo, ratiba ya mwanamuziki haifanani na ya mwanamichezo. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, mji wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iliyotokana na chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, ni kilomita zipatazo 65. Mwendeshaji wa kawaida anaweza kuzimaliza kwa siku moja. Lakini anayekwenda kutumbuiza ni vyema afike jana yake, alale, akaze nyuzi asubuhi na kuziacha zitulie, kisha akaze tena kabla ya kupanda jukwaani.

Mpakani

Msafiri anayevuka mpaka na ala yake, iwe Namanga, Horohoro au Mutukula, aitaje mapema kwa maofisa wa forodha na aonyeshe kuwa ni kifaa chake cha kazi. Risiti, picha ya ala na namba yake, kama inayo, huondoa maswali wakati wa kurudi.

Jambo jingine ni vitu vilivyotumika kuitengeneza. Mpingo, mti wa kusini mwa Tanzania unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, uliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, pamoja na miti yote ya jamii yake, kuanzia Januari 2, 2017. Uamuzi huo uliwasumbua wanamuziki wa dunia nzima, hadi ulipolegezwa kuanzia Novemba 26, 2019, kwa kuziondoa ala zilizokwisha kutengenezwa katika masharti ya kibali. Nafuu hiyo haihusu mti wa Brazil wa jamii hiyo hiyo, ambao umo katika orodha kali zaidi tangu mwaka 1992 na hupatikana katika baadhi ya magitaa ya zamani.

Pembe za ndovu, zilizotumika katika nyuta na vinanda vya zamani, zina masharti makali. Ngozi nazo ziangaliwe. Baadhi ya ngoma za ukanda huu, kama engalabi ya Buganda, huwambwa kwa ngozi ya kenge, mnyama ambaye naye yumo katika orodha za mkataba huo. Mwenye ngoma ya namna hiyo aulize mamlaka za wanyamapori kabla ya safari, si akiwa tayari getini.

Njiani na penye kulala

Ala ifungwe kwa namna inayoruhusu kufunguliwa kwa dakika moja. Mwendeshaji anayeingia mgahawani kunywa chai aingie nayo, kwani kamba tano zenye mafundo hushawishi mtu kuiacha nje. Katika nyumba ya wageni ilale ndani ya chumba, mbali na dirisha linalopigwa na jua la asubuhi, na isiegemezwe ukutani mahali ambapo mtu atapita gizani.

Kila baada ya saa moja au mbili kamba zikaguliwe. Mzigo uliofungwa vyema asubuhi hulegea baada ya kilomita 20 za mashimo. Kwenye matuta, mwendeshaji anyanyuke kidogo kwenye kiti na kupita polepole. Kwenye mteremko mkali kama wa Kitonga, mkoani Iringa, ambako malori mazito hupishana kwenye kona, hakuna aibu kushuka na kuisukuma baiskeli.

Wakati wa kuiacha nyumbani

Pamoja na maelezo yote hayo, zipo nyakati ambapo uamuzi wa busara ni kutoibeba. Ala ya urithi, ala pekee ya kikundi, au ile ambayo fundi wake hayupo tena, haipaswi kuwekwa rehani kwa sababu ya safari. Katika hali hiyo mwanamuziki anaweza kuitanguliza kwa basi ikiwa mikononi mwa mtu anayemwamini, badala ya kuitumbukiza chini pamoja na mizigo. Anaweza pia kuazima ala mahali anapokwenda, au kununua ya bei nafuu kwa ajili ya safari tu.

Njia ya mwisho kati ya hizo ndiyo inayofaa zaidi. Ala ya bei nafuu ikipata mkwaruzo haimkoseshi mwenyewe usingizi, na huweza kupigwa chini ya mwembe wakati wa mapumziko, watoto wa kijiji wakiishika bila kufokewa. Ile ya thamani hubaki nyumbani ikiwa nzima, ikisubiri siku ya jukwaa kubwa.

Anayeamua kubeba aanze na jaribio. Aifunge ala kama atakavyoifunga siku ya safari, aende kilomita 20 kwenye barabara mbovu iliyo karibu na kwake, arudi, afungue sanduku na kuipiga. Ikiwa sauti imehama kidogo tu na hakuna kilichosogea ndani, yuko tayari. Ikiwa kuna kilichogonga au kulegea, amekigundua akiwa karibu na nyumbani, na fundi hayuko mbali.